Ubao Usiofutwa

Mwalimu amechora shamba ubaoni. Lina kingo mbili zilizonyooka, moja juu na moja chini, na kati yake unapita mpaka unaoligawa pande mbili. Mpaka umepinda: unatoka ukingo wa juu, unateremka hadi katikati, unakata kona, kisha unaendelea mpaka ukingo wa chini. Upande wa kushoto ameandika jina la mwanafunzi mmoja wa darasa hilohilo, upande wa kulia jina la mwenzake. Swali lake ni fupi. Majirani hawa wamechoshwa na kona, wanataka mpaka ulionyooka. Wanyoosheeni, lakini asipunjike mtu: kila mmoja abaki na eneo lilelile alilokuwa nalo.

Aliyewahi kukaa mbele ya baraza la ardhi la kijiji anajua kwamba swali la namna hii linaweza kula miaka na udugu. Darasani lilichukua kipindi kimoja. Somo lilifundishwa Japani, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari ya chini, watoto wa miaka kumi na tatu na kumi na nne, na lilirekodiwa kwa ajili ya utafiti wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995. Watafiti walipeleka kamera katika madarasa 231 ya hisabati: 100 Ujerumani, 81 Marekani na 50 Japani. James Stigler na James Hiebert waliyaandikia matokeo yake kitabu, The Teaching Gap, kilichotoka mwaka 1999. Somo la mpaka ni mojawapo ya machache yaliyoruhusiwa kuonyeshwa hadharani, na walimu wa nchi nyingi wamelitazama.

Nami nimelitazama, na kila ninapolirudia naona jambo jingine ambalo mwalimu yule alilifanya bila kulitangaza. Tumezoea kuusifu ufundi wa seremala na wa mjenzi wa majahazi, kwa kuwa kazi ya mikono yao inabaki tukaishika na kuipanda. Kazi ya mwalimu wa hisabati inaingia vichwani mwa watoto, na kengele ikilia hakuna kinachobaki mezani. Kwa hiyo ni ufundi unaotaka kutazamwa polepole, hatua kwa hatua, la sivyo hauonekani kabisa.

Alianza na kumbusho la somo lililotangulia. Chora mistari miwili sambamba. Kitako cha pembetatu kikae kwenye mstari wa chini, kilele chake kiguse mstari wa juu. Sasa kisogeze kilele kushoto au kulia kadiri upendavyo, mradi kisiuache mstari wake. Pembetatu inainama, inalala, inarefuka upande, lakini eneo lake halibadiliki, kwa sababu kitako ni kilekile na kimo ni kilekile. Hilo wanafunzi walikwisha kulijua. Mwalimu akalitaja kwa kifupi, akaliacha hapo, akachora shamba.

Tazama sasa alichokifanya. Katika mchoro wa shamba hakuna pembetatu hata moja. Kuna mpaka uliokunjika tu. Chombo cha kazi kimewekwa karibu na mkono wa mtoto, ila mahali pa kukitumia pamefichwa, na kazi ya mtoto ni kupagundua. Angelichora shamba lile na pembetatu ikiwa tayari ndani yake, lingebaki zoezi la kukumbuka. Angelileta swali bila kumbusho, wengi wangekwama, na kukwama bila njia ya kutokea hakumfundishi mtu chochote isipokuwa kujiona mjinga. Nafasi kati ya mambo hayo mawili ni nyembamba sana, na mwalimu huyu aliipata.

Kabla ya mtu kushika rula aliwataka wakisie. Mpaka mpya utapita wapi takriban? Hapa? Au sogea kidogo? Mtu anayetazama kwa haraka anaweza kudhani ni njia ya kuchangamsha darasa. Lakini mtoto akishakisia, tayari ana neno lake katika jambo hili. Ameshasema “nafikiri ni hapa”, na kuanzia dakika hiyo anataka kujua kama alikuwa sahihi. Pia ameshaona kwa macho kwamba jibu lipo. Hofu ya hisabati kwa kiasi kikubwa ni hofu ya kwamba jibu liko mahali ambapo wewe huwezi kufika.

Kisha akawapa dakika tatu, kila mmoja peke yake. Baada ya hapo wangeweza kujadiliana na wenzao, au kumfuata mwalimu, au kuchukua kadi zenye vidokezo zilizoandaliwa kwa watakaokwama. Naye akawa anapita kati ya madawati.

Jibu lenyewe ni zuri kiasi kwamba sitalipita bila kulieleza. Unganisha kwa mstari ncha ya juu ya mpaka wa zamani na ncha yake ya chini. Hapo hapo pembetatu imejitokeza: ncha mbili hizo na ile kona. Sasa pitisha kwenye kona mstari ulio sambamba na ule uliochora. Mahali utakapokata ukingo wa shamba ndipo kilele cha pembetatu kinapoweza kuhamia bila kubadili eneo. Unganisha nukta hiyo na ncha ya mpaka iliyo kwenye ukingo wa pili, na mpaka umenyooka bila mtu kupoteza hata shubiri moja ya ardhi. Ukichagua ukingo wa juu unapata jibu moja, ukichagua wa chini unapata jingine, na yote mawili ni sahihi. Hakuna kipimo kilichotolewa, hakuna namba iliyoandikwa, hakuna kanuni iliyokaririwa. Wanafunzi wakaja ubaoni kueleza walivyofikiri. Halafu mwalimu akawapa kazi ya pili: sasa chukueni umbo la pande nne mligeuze kuwa pembetatu yenye eneo lilelile. Waliokuwa wameelewa mpaka walitambua kwamba swali ni lilelile, limevaa nguo nyingine.

Stigler na wenzake walipima, katika masomo yote waliyorekodi, wanafunzi walitumiaje muda wa kufanya kazi wenyewe. Japani, asilimia 44 ya muda huo ilikwenda kwenye kubuni njia mpya za kutatua na kufikiria upya. Marekani ilikuwa chini ya asilimia 1. Muda karibu wote ulikwenda kwenye kurudia hatua ambazo mwalimu alikwisha kuzionyesha. Sina takwimu ya namna hiyo ya madarasa yetu, ila sote tuliokaa kwenye madawati ya Afrika Mashariki tunaijua sauti yake. Mwalimu anafanya mfano ubaoni. “Mmeelewa?” “Ndiyooo!” “Hamjaelewa?” “Tumeelewaaa!” Halafu zoezi namba moja hadi kumi. Simlaumu mwalimu huyo. Anafundisha alivyofundishwa, kama kila mtu afanyavyo mpaka aone njia nyingine kwa macho yake.

Ufundi ninaousifu huanza mbali kabla ya kipindi, tena katika mambo madogo ambayo mgeni angeyaona ni ya kupita tu. Chukua kutoa kwa darasa la kwanza. Mwalimu anataka kuwaonyesha watoto jinsi ya kutoa pale ambapo mamoja hayatoshi. Aanze na namba zipi? Wengi wetu tungesema zozote, mradi mamoja yasitoshe. Walimu wa Japani hulijadili swali hili kwa saa nzima, na wana haki.

Weka vizibo vya soda mezani, kumi kwenye safu moja na vitatu pembeni. Mwambie mtoto atoe tisa. Katika 13 − 9 tisa iko karibu sana na kumi, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye ile safu: toa tisa humo, kimebaki kimoja, kiunganishe na vile vitatu, vinne. Hii ni njia ya kutoa kwenye kumi kisha kujumlisha. Mpe sasa 11 − 2. Hakuna mtoto atakayegusa ile safu kwanza. Atachukua kile kimoja cha pembeni, kisha kimoja cha safu, vimebaki tisa. Hii ni njia ya kutoa mara mbili. Mpe 12 − 7, na darasa litagawanyika. Wapo watakaotoa saba kwenye kumi, wabaki na vitatu, waongeze viwili. Wapo watakaotoa viwili kwanza, kisha vitano. Na watakuwepo watakaohesabu kwa kupanda kutoka saba: nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, vidole vitano. Namba tatu tofauti, masomo matatu tofauti, ingawa kwenye azimio la kazi yote yangeandikwa kwa maneno yaleyale: “kutoa kwa kuchukua”.

Vitabu vya kiada vya Japani kwa kawaida huanza na kutoa tisa, ili ile njia ya kwanza ijitokeze yenyewe. Clea Fernandez na Makoto Yoshida, katika kitabu chao cha mwaka 2004, wameeleza kwa kirefu kisa cha walimu wa shule moja ya msingi mkoani Hiroshima waliokaa pamoja kuandaa somo hili na wakachagua 12 − 7, kwa kuwa walitaka njia mbalimbali zijitokeze darasani na kulinganishwa. Sijui taaluma nyingine ambamo watu wazima, wenye shahada na uzoefu, huketi jioni kubishana kwa heshima kama mtoto wa miaka sita apewe kumi na mbili au kumi na tatu. Ningefurahi kuona ubishi wa namna hiyo katika kila chumba cha walimu.

Ufundi mwingine ni wa kulijua kosa kabla halijafanywa. Mwalimu mzuri wa sehemu anajua, kabla hajaingia darasani, kwamba kuna mtoto atakayejumlisha nusu na theluthi apate mbili ya tano, kwa kujumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini. Mwalimu aliyechoka ataandika alama ya kosa na kurudia kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Mwalimu fundi ameandaa swali. “Sawa. Ulikuwa na nusu mkate, ukaongezewa theluthi. Sasa una mbili ya tano. Mbili ya tano na nusu, kipi kikubwa?” Mtoto anafikiri, anachora. Nusu ya kumi ni tano. Mbili ya tano ya kumi ni nne. Ameongezewa mkate akabaki na mdogo kuliko aliokuwa nao! Darasa zima linaona, na yeye wa kwanza. Kanuni ikija baada ya hapo, inakuja kama dawa kwa mtu anayejua anaumwa nini. Swali hilo moja halikupatikana ubaoni kwa bahati. Lilifikiriwa jana yake, pengine na watu watatu, pengine na mtu aliyelisikia kwa mwalimu mwenzake miaka kumi iliyopita.

Nimefika kwenye ubao, na hapa nitakaa kidogo.

Mwalimu wa Japani hafuti ubao. Anapouanza kipindi, ubao mpana wa kijani uko mtupu. Anapokimaliza, umejaa, na kila kilichoandikwa kipo mahali kilipokusudiwa kuwa. Kushoto kabisa kuna swali la siku. Linafuata jambo ambalo darasa lilikubaliana kulitafuta. Katikati zimo njia za wanafunzi, kila moja na jina la mwenyewe, zimepangwa ubavu kwa ubavu ili zilinganishwe. Zile zinazofanana zimeunganishwa kwa chaki ya rangi. Hata njia iliyokosea inaweza kuwa imo, pamoja na mahali ilipopotea. Kulia kuna hitimisho, limeandikwa kwa maneno yaliyotoka darasani. Mtoto aliyeota ndoto za mchana kwa dakika tano anaweza kuinua macho akaona safari nzima ilipopita na mahali wenzake walipofika. Mtoto anayenakili daftarini ananakili fikra zikiwa na mpangilio wake.

Ubao wa namna hiyo huchorwa kwanza kwenye karatasi. Mwalimu anapoandaa somo, huandaa pia sura ya ubao wake: hapa litakaa swali, hapa niache nafasi ya njia tatu, huku chini nisiandike kwa sababu wa nyuma hawataona. Nafasi tupu nayo inapangwa. Wale watafiti wa 1995 waliliona jambo hili: walimu wa Marekani waliutumia ubao au projekta kuvuta macho ya wanafunzi kwenye jambo la dakika hiyo, wakifuta na kuendelea, wa Japani waliutumia kuweka kumbukumbu ya kipindi kizima.

Jambo hili halihitaji fedha. Shule zetu nyingi zina ubao kabla ya kuwa na kitu kingine chochote. Ukuta uliopakwa rangi nyeusi unatosha. Kinachotakiwa ni mwalimu kuamua, kabla ya kuingia, nini kitaandikwa wapi, na kukizuia kifutio.

Na ili katikati ya ubao zijae njia za watoto, lazima kwanza zipatikane. Ndipo unapokuja ule mwendo wa kupita kati ya madawati. Kwa mbali unaonekana kama usimamizi wa mtihani. Ukisogea karibu unaona kwamba mwalimu ana karatasi yenye ramani ya viti, naye anaandika: huyu amehesabu moja moja, huyu amevunja kumi, huyu amepata jibu lakini hajui kwa nini, yule wa dirishani ana wazo ambalo hakuna mwingine analo. Hasahihishi. Anachagua. Muda wa kujadili ukifika, anajua atamwita nani kwanza na nani mwisho. Mara nyingi ataanza na njia rahisi ambayo kila mtu anaielewa, ingawa ni ndefu, kisha aende kwenye fupi, ili darasa lipande kwa ngazi. Akimwita kwanza yule mwenye njia ya haraka, mjadala umekwisha, na waliohesabu moja moja watafunga madaftari kwa aibu. Mpangilio huu wa nani aseme lini ndio, kwa maoni yangu, sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu unafanywa kwa dakika chache, mwalimu akiwa amesimama, darasa likiwa na kelele.

Mtu hujifunzaje kazi hii? Kwa kusoma tu, haiwezekani. Wajapani wana desturi wanayoiita jugyo kenkyu, yaani kulichunguza somo, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 shule za kisasa zilipokuwa zikianzishwa huko. Walimu wachache wa shule moja huchagua jambo linalowasumbua watoto. Husoma vitabu vya kiada, hulinganisha vinavyofundisha jambo hilo, huuliza lilianzia darasa gani na linakwenda wapi. Kisha huandika pamoja andalio la somo ambalo lina safu ya ajabu kwa macho yetu: safu ya majibu wanayotarajia kutoka kwa watoto, yaliyo sahihi na yasiyo sahihi, na jinsi mwalimu atakavyolipokea kila moja. Siku ikifika mmoja wao anafundisha, wengine wanasimama kuzunguka kuta na daftari mkononi.

Wanatazama nini? Hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Wanawatazama watoto. Mmoja amepewa madawati mawili ya mbele, mwingine kona ya nyuma. Wanaandika mtoto alianza na nini, alifuta nini, alimwambia nini jirani yake. Hawaruhusiwi kumsaidia hata akielekea kukosea. Baada ya kipindi huketi, na aliyefundisha huzungumza kwanza. Kisha wengine huleta walichokiona, si wanachokifikiria juu ya mwenzao. Kwa kuwa andalio liliandikwa na wote, likishindwa limeshindwa la wote. Mwishoni mtu mwenye ujuzi zaidi, aliyealikwa kutoka nje, hutoa maoni yake. Mara nyingine somo hurekebishwa na kufundishwa tena katika darasa lingine. Shule ya msingi ya Chuo Kikuu cha Tsukuba, mjini Tokyo, hufungua masomo yake kwa walimu wa nchi nzima, nao husafiri mbali kwenda kutazama kipindi kimoja cha hesabu za watoto.

Huku kwetu, mtu mzima akiingia darasani na kukaa nyuma na daftari, mwalimu anajua ni mkaguzi. Mikono inatetemeka, wanafunzi wanaonywa mapema, na somo lililofundishwa jana linarudiwa ili majibu yatoke vizuri. Mwalimu anaweza kufundisha miaka thelathini asimwone mwenzake wa chumba cha pili akifundisha hata mara moja. Ujuzi wake wote, ule wa kujua mtoto atakosea wapi na swali lipi litamwamsha, unastaafu pamoja naye.

Siyo kwamba Afrika Mashariki haijajaribu. Mwaka 1998 Kenya, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Ulianza na wilaya chache, baadaye ukaenea nchi nzima, na kituo chake cha CEMASTEA kiko Karen, Nairobi, mpaka leo. Uliwataka walimu wahame kutoka kueleza tu kwenda kwenye shughuli za mwanafunzi, watumie vifaa vya kujitengenezea, na wafuate mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Nchi nyingine za Afrika ziliungana nao katika mtandao wa pamoja. Zambia nayo ilianza mwaka 2005, katika Mkoa wa Kati, kufanya uchunguzi wa somo ndani ya shule zenyewe. Kwa upande wa Tanzania kuna mpango wa MEWAKA, wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaowataka walimu waunde jumuiya za kujifunza katika shule zao. Mlango umeshafunguliwa kwa maandishi. Ninachokiombea ni kwamba jumuiya hizo zisiishie kwenye kusoma moduli na kujaza fomu za mahudhurio, bali zifike mahali ambapo walimu wanne wamesimama ukutani wakimtazama mtoto anayefuta jibu lake.

Nitaambiwa kuhusu idadi ya wanafunzi. Ni kweli. Japani kikomo cha darasa kilikuwa watoto 40 kwa miongo mingi, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili shule za msingi zishuke hadi 35. Darasa la watoto themanini, ambalo hapa kwetu si jambo la kushangaza, haliruhusu mwalimu kupita kila dawati. Sitaki kumwambia mwalimu wa darasa hilo kwamba utashi unatosha. Lakini namba zinazochaguliwa vizuri hufanya kazi yake kwa watoto themanini sawasawa na kwa thelathini. Swali lililofikiriwa jana halipungui nguvu kwa sababu ya wingi wa wasikilizaji. Na mwalimu akipita safu mbili leo, safu mbili kesho, atakuwa amejua mengi kuliko aliyekaa mezani akisubiri madaftari.

Liko jambo la lugha pia, nami naliona zito kuliko idadi. Mwanafunzi wa Japani hubishana juu ya pembetatu kwa lugha aliyoombea maji. Wa shule ya msingi ya serikali Tanzania naye anaweza kufanya hivyo kwa Kiswahili: anajua kitako, kimo, sambamba, eneo, na anajua kusema “hapana, mwenzangu, angalia hapa”. Akiingia kidato cha kwanza anakutana na hisabati kwa Kiingereza, na mara nyingi kinachonyamaza kwanza ni ile sauti ya kubishana. Anabaki na majibu mafupi. Mwalimu anayejali hulijua hilo, naye huwaacha wanafunzi wajadiliane kwa lugha wanayofikiria nayo kabla ya kuandika kwa lugha ya mtihani. Natamani asingelazimika kufanya hivyo kwa kuibia.

Mwalimu Mkuu unayesoma haya, ratiba ya muhula ujao iko mikononi mwako. Tenga humo kipindi kimoja cha hisabati ambacho walimu wote wa somo hilo watakuwa huru kuingia darasa la mwenzao. Waandae somo pamoja, waandike safu ya majibu wanayoyatarajia, na wakiingia wawatazame watoto. Usimpe mtu alama, usiandike ripoti ya kumpeleka mtu wilayani. Wape saa moja ya kuzungumza baada ya kipindi, na chai. Nawe mwalimu utakayesimama mbele siku hiyo, usifute ubao mpaka wenzako wawe wamekwisha kuusoma.